Tulivyomhamisha Fundi wa Mbabula

Avenyu yetu ya Keshero, hapa Goma, siku hizi ni tulivu, tunastahili pongezi. Nyundo hailii tena saa kumi na mbili asubuhi, kutu haitui tena juu ya nguo zilizoanikwa, na mgeni akipita anaweza kudhani kwamba hapa hakuna mtu anayefanya kazi. Ndivyo tulivyotaka. Tulikuwa na fundi wa mbabula katikati yetu, mtu aliyekata mapipa na mabati ya zamani akayageuza kuwa mbabula, yaani majiko ya makala, huo mkaa wa kupikia, kuwa mifereji ya mvua na masanduku ya shule. Tukamhamisha hadi ng'ambo ya Mugunga, kwenye uwanja wa lava ambako hata mbuzi hafiki kwa hiari yake. Sasa anataka kurudi kwenye kiwanja chake, na biro ya serikali iliyomwondoa haijajibu. Mimi nilikuwa jirani yake wa ukuta kwa ukuta, mwalimu wa Kifaransa, na kabla hajarudi au hajakataliwa kabisa nataka kusema alikuwa mtu wa namna gani, kwa sababu kuna jambo juu ya kuondoka kwake ambalo nililijua mimi peke yangu.

Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na sikio lake la kushoto lilikuwa limekwisha kuuawa na nyundo. Watu wenye masikio mazito kwa kawaida hupayuka. Yeye alisema chini chini, hata mteja alilazimika kuinama kama anayeungama. Na mtu huyu, aliyetuamsha sote kila siku isipokuwa Jumapili, alichukia kelele kuliko mtu yeyote ninayemjua. Kanisa dogo la mbao lililoko juu ya avenyu lilipoweka kipaza sauti, alikwenda kwa mchungaji, nyundo ikiwa bado mkononi, akamweleza kwa upole kwamba watu wa hapa wanahitaji kupumzika. Mchungaji alimtazama, akaitazama na nyundo, akapunguza sauti. Nilimwuliza Fundi kama kweli haoni kwamba na yeye anapiga kelele. Alishangaa.

"Ku kelele yangu munatoka mbabula," alisema. "Ku yake munatoka nini?"

Kununua kitu kwake ilikuwa kama kwenda mahakamani. Kabla ya kukuuzia mbabula alikuuliza kwenu mnakula wangapi. Ukisema wanne, kisha ukanyosha kidole kwenye ile kubwa, hakukuuzia ng'o. Alikueleza kwamba ya watu wanne ni ya watu wanne, kinachozidi ni makala ya kuunguza bure, na makala yanatoka kwenye miti, na miti yenyewe walinzi wa hifadhi kule Rumangabo wanailinda kwa jasho lao. Mama mmoja wa nyumba ya etaji, ya ghorofa, aliteremka kwenye gari akitaka mbabula ya kuwaonyesha wageni, akasema pesa anayo. Fundi akamjibu kwamba hakuuliza pesa, aliuliza midomo. Yule mama alipanda gari lake akaenda kununua jiko lililotoka mbali, lenye rangi nzuri, ambalo lilidumu hadi mvua ya pili.

Basi akina mama wakajifunza kumdanganya. Mke wangu alimwambia tuko saba, na tulikuwa watano. Lakini Goma ina tabia ya kuugeuza uwongo wa namna hiyo kuwa kweli. Kila vita vilipoteremka barabara ya Sake, watu walifika na magodoro kichwani, na nyumba ya watano ikawa ya kumi na mmoja kabla ya chakula cha mchana. Hapo mbabula zilirudi kwa Fundi, naye alizikata juu, akaongeza mkanda wa bati ili zibebe sufuria kubwa zaidi. Kwa kazi hiyo hakupokea kitu. Alidai ni kosa lake, kwamba alikuwa amepima vibaya. Chifu wa avenyu alipotakiwa na wakubwa kusema ni nyumba zipi zimepokea wakimbizi, hakupoteza muda kubisha hodi kwenye kila mlango, alikwenda kwa Fundi.

Kuna jirani mmoja, sitamtaja, aliyekuwa akilia mbele ya kila mtu kwamba nyumba yake imejaa ndugu waliokimbia na hana pa kulala. Fundi alimsikiliza kwa sikio lake zima mpaka mwisho, bila kuacha kukunja bati.

"Papa," alimwambia, "mbabula yenu iko bado ya batu batatu."

Jirani huyo hakulia tena, angalau si karibu na karakana.

Mita ya kupimia alikuwa nayo, ya chuma, mpya, imetundikwa kwenye msumari. Ilikuwa ya wateja wanaoamini mita. Yeye mwenyewe alipima kwa mkono, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, na mfereji wake wa mvua haukuwahi kumwaga tone pembeni. Sanduku la shule hakulitoa kabla mama wa mwanafunzi hajapanda juu yake akasimama wima. Nimeona akina mama wanene, wenye heshima zao, wakishikiliwa mkono na kupandishwa juu ya masanduku huku wamefumba macho, na avenyu nzima ikitazama. Mama mmoja alikataa, akasema sanduku ni la vitabu, si la kusimamia. Fundi akapanda yeye, akarukaruka mara tatu kwa uso wa huzuni kama mtu anayetimiza wajibu, akashuka, akalifuta vumbi, akampa.

Kitu kimoja tu kiliweza kumnyamazisha siku ya kazi, nacho ni msiba. Mtu akifa kwenye avenyu yetu, awe mkubwa au mtoto, nyundo ilitundikwa hadi baada ya maziko. Tena Fundi alikuwa na mbabula moja isiyouzwa, kubwa kama gurudumu la lori, ambayo aliibeba mwenyewe kichwani hadi kwenye nyumba ya matanga, ikiwa na makala tayari. Tulifikia hatua ya kuamka asubuhi, kusikia kimya, na kuulizana ni nani amefariki.

Jambo hilo zuri mimi nililiharibu. Ilikuwa mwisho wa mwaka wa shule, nilikuwa na rundo la mitihani ya kusahihisha, na kila pigo la nyundo lilinifanya nisahau nilikuwa kwenye kosa la ngapi. Nikatoka, nikamwambia Fundi kwamba baba yangu mdogo amefariki Masisi. Nilichagua Masisi kwa sababu barabara ilikuwa mbaya na hakuna ambaye angekwenda kuhakikisha. Mimi ni msomi, nafikiri mbele. Kitu ambacho sikufikiria ni kwamba Fundi angenishika mkono kwa mikono yake miwili, angetundika nyundo, na kabla ya dakika kumi ile mbabula ya msiba ingekuwa imeingia uani kwangu. Nyuma ya mbabula walikuja wenye mabenchi, nyuma ya mabenchi akina mama na sombe yao ya majani ya muhogo, na nyuma ya sombe kwaya. Mke wangu, ambaye hakuwa amearifiwa juu ya msiba uliomo nyumbani mwake, alinikazia macho kwa muda mrefu, kisha akajifunga kitenge kiunoni akaanza kulia. Ni mwanamke mwepesi wa kuelewa. Siku tatu tulipika, tukapokea pole, tukaimba, na sikusahihisha hata karatasi moja. Fundi alikaa karibu yangu siku zote tatu bila kusema neno. Sijawahi kufarijiwa vizuri hivyo maishani mwangu.

Miezi mitano baadaye baba mdogo alifika kutoka Masisi, mzima, mwekundu wa vumbi, na jibini mbili kwapani. Mtu wa kwanza aliyemwuliza njia alikuwa Fundi. Alijitambulisha kwa majina yake yote, kama wazee wetu wanavyofanya, na kwa nafasi yake katika ukoo. Fundi alimsalimia kwa mikono miwili, akamsindikiza hadi mlangoni kwangu, akampatia kiti. Nilingoja aseme kitu mbele ya watu. Hakusema. Kesho yake tu, nilipopita nikijitia hamnazo, aliinua kichwa kutoka kwenye bati.

"Prof, famili yenu iko na ba baba mudogo mingi."

Hilo ndilo lililokuwa shauri lake lote kwangu. Hakumwambia mtu, na msiba uliofuata kwenye avenyu, wa kweli, alinyamaza vilevile.

Wakati huo Keshero ilikuwa inapanda cheo. Nyumba za mbao zilibomolewa, etaji zikainuka, kuta za mawe ya lava zikapanda juu ya vichwa vyetu, na wenye etaji wakagundua kwamba wamejenga karibu na mtu anayetengeneza vitu. Waliumia sana. Waliandika barua. Redioni wakubwa walikuwa wakisifu bidhaa za kwetu, wakisema vijana wajifunze ufundi na mji ujitegemee, na wenye etaji walikubali kila neno, mradi bidhaa hizo zizaliwe mahali pengine na ziletwe zikiwa zimekwisha kunyamaza. Mimi sina etaji. Nina nyumba ya mbao kama Fundi. Lakini nilipozisoma barua zile, kwa kuwa waliniletea nisahihishe Kifaransa, nilirekebisha makosa yote kwa bidii isiyokuwa ya lazima.

Sheria inataka majirani waulizwe kabla karakana haijafungwa, na biro inayohusika ilifuata sheria kwa unyenyekevu mkubwa. Alikuja ajenti mmoja kijana, mwenye jile, kizibao kisicho na mikono, yenye mifuko mingi, na daftari kubwa. Kwanza alibandika karatasi kwenye mlango wa kiwanja cha Fundi. Ilikuwa ya Kifaransa, na juu yake maneno mawili ya Kilatini, labda kwa ajili ya wale ambao Kifaransa kingeonekana kwao rahisi mno. Ilisema kwamba kila jirani anayepinga kuwepo kwa karakana hii atie saini kwenye daftari.

Sasa, anayejua Goma anajua mtu wa jile na daftari maana yake nini. Tangu kambi za wakimbizi za Mugunga za kwanza hadi hizi za juzi, mtu wa namna hiyo ameleta jambo moja tu: orodha ya msaada. Na orodha ya msaada ina kanuni yake, ambayo tumeinyonya na maziwa. Unaandikisha jina kwanza, unauliza baadaye, maana anayeuliza kwanza hukuta ukurasa umejaa. Ajenti hakuwa bado amefungua kalamu, mstari ulikuwa umekwisha kufika kona. Watu walileta kadi zao za kupiga kura. Mama mmoja aliandikisha mapacha wake. Mwingine alitaka kujua kama aje na mfuko au na ndoo. Ajenti alifurahi mno, nadhani hakuwahi kuona raia wenye mwamko namna ile. Hakumdanganya mtu. Alisoma kichwa cha karatasi kwa Kifaransa cha mbio, akasema watie saini hapa, wakatia.

Alikosa tu mahali pa kuwekea daftari. Fundi alimletea sanduku jipya la shule, akalifuta kwa mkono wa shati, akaliweka penye kivuli. Kisha alinawa mikono kwa sabuni akaenda kusimama mwisho wa mstari, kwa sababu si adabu mtu kutangulia kwake mwenyewe. Alitia saini wa mwisho, polepole, kwa zile herufi kubwa alizokuwa akiandika kwenye masanduku.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni kwa Fundi. Niliisoma ile karatasi kutoka juu hadi chini. Niliielewa yote, hata Kilatini. Sikutia saini, kwa kuwa mimi ni mtu wa haki na sikutaka jina langu liwe kwenye orodha ya waliomfukuza jirani. Nilirudi kwangu nikafunga mlango, nikamwambia mke wangu kwamba ni mambo ya biro. Na hayo pia yalikuwa kweli.

Uamuzi ulitoka baada ya wiki chache. Ulisema kwamba majirani wote wameomba karakana iondolewe, kwa kauli moja, akiwemo mhusika mwenyewe. Lori lilipokuja kubeba vyuma, wale waliotia saini walisimama pembeni, na mmoja alimwuliza dereva kama maharagwe yako chini ya mabati.

Walimpeleka kwenye zoni ya mafundi. Hilo ni jina la kibao, na kibao hicho ndicho kitu pekee kilichokuwa kimetengenezwa pale. Mengine yote ni lava, nyeusi, yenye ncha za kukata viatu, bila maji, bila kivuli, bila mama hata mmoja anayepita na mbabula iliyopasuka. Huku kwetu, anayetaka mkanda wa bati analipa pikipiki kwenda na kurudi, au anaweka mawe matatu na kupika hivyo hivyo. Kimya chenyewe, licha ya pongezi nilizotupa mwanzoni, hatukukipata vilevile. Jirani wa etaji alinunua jenereta, na mchungaji, alipoona hakuna nyundo, alipandisha kipaza sauti.

Mwezi uliopita Fundi alimtuma mtu wa pikipiki aniite. Anataka kuandika barua ya kukata rufaa, nikaambiwa, na anamtaka Prof. Nilijisikia vizuri, nakiri. Njiani, nikiwa nimeshikilia kiti cha pikipiki, nilikuwa nimekwisha kutunga sentensi tatu, moja ikiwa na hali ya sharti ambayo wanafunzi wangu hawajawahi kuiweza. Nilijiona mwokozi.

Nilimkuta ameketi chini ya bati alilolisimamisha juu ya vijiti vinne, akinyosha pipa ambalo halikuwa na mteja. Alikuwa amekonda. Alinisalimia kwa mikono miwili, akamwulizia mama wa watoto, kazi, shule, baba mdogo. Akanipa jiwe la kukalia lililofunikwa kwa gunia. Nikatoa karatasi na kalamu, nikamwambia nitaeleza kwamba majirani walikosea, walidhani ni orodha ya msaada.

"Hiyo nimesha kuwaambia," alisema. "Batu bote bameenda kule biro kusema hawakujua. Biro inasema kila mutu anasemaka vile nyuma ya saini. Banataka mutu moja mwenye alijua. Mwenye alisoma, akaona watu wanakosea."

Nilimwambia kwamba mtu kama huyo itakuwa vigumu kumpata.

Aliweka nyundo chini. Hakukasirika, na ningependa angekasirika.

"Prof, nilikuona. Ulisimama ku mulango yangu, ukasoma mupaka chini. Mudomo yako ilikuwa inatikisika." Alisema chini chini kama kawaida yake, na nikalazimika kuinama. "Njo maana nilisinya mu daftari ile. Nilisema, Prof amesoma yote na amenyamaza, basi haina mubaya."

Haya ilinishika nikashindwa kuinua macho. Nilitazama viatu vyangu, nikaitazama lava, nikakumbuka kwamba nilikuwa na sentensi tatu nzuri na hakuna hata moja iliyonifaa. Nilifikiria avenyu yote ikisikia, wazazi wa wanafunzi wangu, mkurugenzi wa shule, mke wangu ambaye safari hii asingeweza kuniokoa kwa kilio. Nilifikiria pia kukataa. Angenisindikiza hadi barabarani kwa adabu zote na asingemwambia mtu, hilo nililijua vizuri sana, na ndilo lililonishinda.

Nikaandika, palepale, juu ya goti. Ilichukua muda kuliko barua zote nilizowahi kuandika, na haikuwa na hali ya sharti. Nilipomaliza nikamkabidhi kalamu aweke jina lake chini kama mwombaji. Hakuipokea.

"Soma kwanza," alisema. "Ku Swahili. Pole pole."

Nikamsomea: kwamba mimi, mwalimu wa Kifaransa, mkaaji wa avenyu hiyo, niliisoma karatasi ya biro siku ile, nikaielewa yote, kwamba niliwaona majirani wakitia saini wakidhani wanaandikisha majina ya msaada, kwamba nilimwona mwenye karakana akisimama kwenye mstari ule ule, na kwamba nilinyamaza kwa sababu nilitaka kulala asubuhi.

Alinielekezea sikio lake zima.

"Ile ya kulala, biro iko nayo lazima?"

Nikamwambia hapana, barua inasimama bila hiyo.

"Basi uitoe, Prof. Batakucheka."

Alininyoshea kalamu ili nikate ule mstari. Niliipokea, nikatia jina langu lote, kwa herufi kubwa, na mstari ule nikauacha.